Vanishi Kwenye Chombo cha Hubi

Farhiya, ambaye sasa ndiye mwenye funguo zangu, ameniomba niwaandikie vijana wanaoingia kazini maneno mawili matatu. Nikamuuliza, maneno gani? Akasema, "Chochote, mzee, bora kisiwe kirefu." Basi nimekaa na daftari, na nawaonya mapema kwamba mimi ni mtu wa Kipini, na kwetu mtu akiulizwa njia ya sokoni huanza na habari za babu yake. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa sitavitaja. Havikumfaa mgeni hata mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kutunza nyumba ya makumbusho ya El-Gudud, mji mdogo ulio kusini ya Garissa ukishika barabara ya Ijara, na kuwatembeza wageni wanaotaka kuujua. Jina lake maana yake ni kisima chekundu. Maji ya kisima chenyewe ni ya kijivu, na udongo wa pale ni mweupe. Hilo lilinisumbua tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo nilifika juu ya lori la unga, nikiwa na sanduku moja na barua ya kuajiriwa niliyoikunja mara nne. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mkuu wa wilaya enzi za Mwingereza: kuta nene za mawe, baraza pande tatu, paa la mabati, na popo wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja. Mlangoni alikaa mlinzi, Adeer Gedi, yaani Ami Gedi, askari mstaafu wa utawala, mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, redio begani. Aliisoma barua yangu polepole, akanitazama, akauliza, "Umekuja kukaa ama kupita?"

"Kukaa, adeer."

"Wote wanasema hivyo," akanijibu, akanipa ufagio.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Chuo nilikwenda, lakini chuo hakikunifundisha namna ya kusimama kisimani. Gedi ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni apelekwe visimani asubuhi mapema, ng'ombe wanapokuja kunywa na watekaji maji wanaimba, kwa sababu saa nne hakuna kitu ila mbolea na nzi. Alinifundisha kwamba mwanamke hapigwi picha mpaka aombwe, na akikataa, hapana ni hapana. Na juu ya yote alinifundisha kutosema kisima kilichimbwa na nani. "Kisima ya hapa," aliniambia, "iko na wachimbaji wengi kuliko maji."

Nilipomuuliza kuhusu ule wekundu alinipa hadithi tatu. Ya kwanza, waliochimba walikuta udongo mwekundu chini kabisa. Ya pili, ngamia jike alitumbukia humo akafa. Ya tatu, bibi harusi aliangusha shuka lake jekundu akichota maji, na halikupatikana tena. Nikauliza ipi ya kweli. Gedi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Inategemea nani amesimama karibu." Nikajifunza kuzisimulia zote tatu kwa sauti ileile, na katika miaka yangu yote hakuna ukoo ulioninunia.

Vivutio vya mji wetu nilivijua kwa hatua. Visima ni hatua mia nne kutoka barazani. Msikiti wa zamani, ule wenye mnara mfupi ambao mwadhini mrefu angeweza kuugusa kileleni, uko nyuma ya maduka ya nguo. Kuna kaburi la afisa mmoja wa kigeni ambalo mvua imelifuta jina; kila mgeni huinama akajaribu kulisoma kwa vidole, na kila mgeni hushindwa. Kuna soko la mifugo. Na ukipata gari, mwendo si mrefu utamwona hirola, yule swala adimu mwenye alama nyeupe machoni utadhani amevaa miwani, anakutazama kama mkaguzi wa shule. Baada ya hapo wageni wengi waliniuliza, "Ni haya tu?" Mwanzoni swali hilo lilinichoma. Baadaye nikawa nawajibu, "Ndiyo, kaeni mnywe chai."

Ndani ya nyumba tulikuwa na vitu kama mia moja hivi: mikeka, vigoda, kengele za ngamia za mbao, mikuki, fremu ya nyumba ya kuhamahama, na vyombo vya maziwa. Vifaa vyangu vilikuwa brashi mbili laini, majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya mchwa, dawa ya nafthalini iliyonukia kama sanduku la bibi, na daftari la wageni. Vitu vingi havikuwa vya serikali. Viliazimwa na kina mama wa mji, na kila mmoja aliniambia siku ya kukileta kwamba atakuja kukitazama. Niliandika majina yao nikidhani ni adabu tu.

Sasa nifike kwa Hubi.

Hubi alikuwa nyanya, ayeyo kama wasemavyo kule, mwembamba, mkali, sauti yake ikisikika kabla hajakunja kona. Hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Sirkal, yaani serikali, na alilitamka kama anayeita mbuzi aliyeingia jikoni. Alifika barazani akiwa amebeba mgongoni chombo kikubwa cha maziwa, aina waiitayo haan. Kwa msiokijua: kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, duru juu ya duru, kwa mkazo mpaka kinashika maziwa bila kuvuja. Hicho cha kwake alikisuka mwenyewe wakati vidole vyake vilikuwa bado vinanyooka. Mikanda yake ya ngozi, iliyopambwa kwa kauri, ilishonwa na binti yake, ambaye alifariki akiacha mtoto mchanga aitwaye Nimo.

"Warya, Sirkal," akasema. "Kwangu iko mbuzi, iko watoto, iko moto. Kwako iko rafu ya juu. Weka hii. Si zawadi, unasikia? Ni amana. Nimo akiolewa, nakuja kuchukua. Msichana haendi kwa mama ya bwana yake mikono mitupu."

"Nimesikia, ayeyo."

"Na kila mwezi nakuja kuitia moshi. Bole bole, sitachoma nyumba yako."

Kila mwezi alikuja kweli, na kipande cha mti wenye harufu nzuri na makaa kwenye kopo. Alikaa barazani, akakitia kijinga ndani ya chombo, akafunika, akatikisa, akafunua, akanusa. Mimi nilidhani ni mila ya kuwafurahisha wageni. Wallahi, nilikuwa hata nikiwaambia wapige picha. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi sikuuliza.

Ikaja barua kutoka ofisi kuu kwamba wakaguzi wangefika, na kwamba vitu vya mbao na nyuzi vilindwe dhidi ya wadudu. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya wiki moja, na kama mjuavyo, hakuna mtu wa hatari kama aliyetoka kwenye mafunzo ya wiki moja. Nikaagiza kopo la vanishi kutoka Garissa. Nikavua mikanda ya ngozi ya chombo cha Hubi, nikaiweka kwenye droo, maana niliambiwa ngozi na vanishi haviendani. Kisha nikapaka. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwangalifu, nikapaka nje na ndani.

Kiling'aa kama kiatu cha askari. Wakaguzi walinisifu. Mmoja alipiga picha ya rafu nzima. Gedi alisimama mlangoni akatazama, akaondoka zake, nami nikadhani amependezwa.

Siku ya nne Hubi akaja na kopo lake la makaa. Nilimteremshia chombo nikitabasamu, nikingoja nami nisifiwe. Alikipokea, mikono yake ikasita. Akakipeleka puani. Aliingiza uso wote kwenye mdomo wa chombo akakaa humo muda ambao sitausahau. Alipoutoa, hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga kelele. Alikaa chini sakafuni, chombo mapajani, akasema kwa sauti ndogo, "Umeua." Kisha akalia, mwanamke ambaye mji mzima ulimwogopa, akijifuta kwa ncha ya shuka. Alipoinuka alikiacha pale sakafuni akaenda zake.

Gedi ndiye aliyenieleza, kwa ukali ambao sikuujua kwake. Haan haitunzwi kwa kuachwa. Ni moshi unaoziba matundu, ndio unaofukuza wadudu, ndio unaoyafanya maziwa yakae bila kuharibika na kupata ile ladha. Isipopata moshi hukauka ikapasuka. Na ikishanywa mafuta ya rangi, hakuna wa kuyatoa. Maziwa yakiingia humo hata paka hatayanywa. Nimo alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Ijara, watu wa ng'ombe, na harusi ilikuwa baada ya mvua ndefu, miezi mitano mbele. Msichana huyo hakuwa na mama. Alichokuwa nacho cha kuingia nacho kwa mama mkwe ni kile chombo.

"Nifanye nini, adeer?"

"Nenda kabla hujaitwa," Gedi akasema. "Ukiitwa, wewe ni mshtakiwa. Ukienda, wewe ni mtu."

Kesho yake tukaenda pamoja, mimi na sukari na majani ya chai, yeye na fimbo yake. Tulimkuta Hubi na kaka zake wawili. Nikasema bila kuzungukazunguka: nilipewa amana, nimeiharibu, kwa ujinga wala si kwa dharau, nimekuja kuomba maslaha. Huko maslaha ni kukaa chini na kulipana mpaka pande zote ziridhike. Kaka mkubwa akakohoa, akaanza kuzungumza habari za mtamba wa ng'ombe. Hubi akamkata.

"Ng'ombe anajua kusuka?"

Kaka mkubwa akatazama miguu yake, Hubi akaendelea.

"Mimi nadai haan. Vidole vyangu tazama." Akavinyanyua, vimejikunja kama kucha za ndege. "Hii vidole haishiki sindano. Na wasichana wa siku hizi wanashika simu." Akanigeukia. "Baba yako alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa akisuka madema, ayeyo."

"Dema ni nini?"

"Mtego wa samaki."

"Inashika maji?"

"Hapana. Maji yanapita."

"Basi hiyo ni mwanzo mbaya," akasema, na kaka zake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mkono ulioua ndio utazaa. Utasuka wewe. Mimi nitakuonyesha. Ikivuja siku ya harusi, tutajua serikali inafaa nini."

Nilirudi makumbusho nikiwa na jasho. Barazani nikawakuta kina mama tisa, wale wenye vitu rafuni, wamekaa mstari. Niliwaamkia. Mmoja wao, kwa upole kabisa, akaniambia kwamba walikuwa wamekuja kuchukua mali zao, lakini wamesikia habari ya maslaha, basi watangoja waone ya Hubi kwanza. Wakainuka wakaenda zao. Nikatazama zile rafu nikaelewa kwamba nyumba nzima, na kazi yangu, na harusi ya msichana ambaye sikuwahi kumwona, vimening'inia kwenye chombo ambacho sikujua hata kinaanzia wapi.

Kinaanzia mdomoni. Hilo nawaambia bure. Mizizi inachimbwa, inamenywa, halafu nyuzi zinatafunwa mpaka zilainike. Wiki ya kwanza taya liliniuma nikashindwa kutafuna nyama, meno yakawa rangi ya chai ya rangi. Kila alasiri, baada ya sala, Hubi alikuja barazani na kigoda chake, nami nikakaa chini na sindano nene ya chuma yenye mpini wa mti. Unachukua fungu la nyuzi, unalizungusha, unalishona kwa duru iliyotangulia, unavuta mpaka kidole kigande. Ni kazi ya wanawake tupu. Wanaume waliokuwa hawana sababu ya kupita pale wakapata sababu. "Nabad, Sirkal," wakanisalimia, "unaolewa lini?" Nilijifunza kujibu bila kuinua kichwa kwamba posa bado zinapokelewa.

Chombo cha kwanza kilinichukua mwezi na nusu, na kilisimama upande kama mlevi. Hubi alikimwagia maji. Yakatoka kila mahali kwa pamoja, kama chujio. Aliniomba sindano, akaingiza ncha kwa vile vidole vyake vilivyopinda, akafumua duru ya juu, akanirudishia. "Endelea kufumua," akasema. "Fizuri. Kufumua unajua."

Cha pili kilisimama wima. Nilikuwa na majivuno nacho, nikakiweka juani ili apite akione. Maji yalikaa robo saa, kisha tumbo lote likalowa. Nikakaa chini nikasema basi, mimi siwezi, chukueni mtamba, chukueni wawili. Hapo ndipo Hubi aliponikaripia kikweli. "Wewe ulisuka kwa ajili ya kumaliza," akasema. "Kila jioni unahesabu duru. Unasuka kama mtu anayelipa faini. Nimo atabeba hii mgongoni. Atatoa maziwa ya mtoto wake humu. Wewe unamjua Nimo?"

Sikumjua. Na nadhani Hubi alilitambua hilo mapema kuliko mimi, maana Ijumaa iliyofuata alikuja naye. Nimo alikuwa akisomea uuguzi Garissa, amevaa buibui jeusi na raba nyeupe, mpole, lakini mdomo anao. Alinitazama nilivyokaa na mizizi shavuni.

"Ayeyo," akasema, "si ningenunua tu chupa kubwa ya chai? Mzee wa watu atavunjika meno."

"Nyamaza, kaa chini," Hubi akamwambia.

Akakaa. Nikaenda kwenye droo nikaitoa ile mikanda ya ngozi yenye kauri. Sikuwa nimepanga, nilitaka tu kumpimia bega. Nikamwambia, "Hii imeshonwa na mama yako. Haikupakwa kitu." Nimo aliishika. Akapitisha kidole kwenye kila mshono, mmoja baada ya mwingine, kutoka mwanzo wa mkanda mpaka mwisho. "Alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto," akasema. "Mimi pia." Hakuna aliyewahi kumwambia hilo. Hubi alitazama upande wa barabara kana kwamba kuna gari linakuja. Hakukuwa na gari. Mimi nililia, na sioni haya kuwaandikia hivyo.

Cha tatu sikuhesabu duru. Nimo alikuja kila alipopata ruhusa, akatafuna nyuzi akinisimulia habari za wodini. Jambo la ajabu ni wageni. Watu waliokuwa wakimaliza mji wetu kwa nusu saa walifika barazani, wakamwona mwanamume wa pwani anatukanwa na bibi kizee huku anasuka, wakakaa. Walisahau kaburi, wakasahau hirola. Mmoja, mwalimu kutoka Mwingi, alikosa basi lake akalala kwa Gedi. Katika daftari la wageni, chini ya maoni, aliandika: "Bibi amesema mikono yangu pia haifai." Ndipo nilipoanza kuijua kazi yangu, na nilikuwa nimeifanya miaka.

Kilikamilika mvua zilipokatika, siku tisa kabla ya harusi. Tulikijaza maji asubuhi. Adhuhuri Hubi alipitisha kiganja chake kuzunguka tumbo la chombo. "Inatoka jasho," akasema, "lakini mtu mzima pia anatoka jasho." Kikapakwa mafuta ya mnyama kwa ndani, kikatiwa moshi uani, mara moja, mara mbili, kila siku. Maziwa ya kwanza hayanywewi. Yanaachwa humo yazibe. Ya pili vilevile. Siku ya mwisho akakijaza maziwa ya ng'ombe mpaka shingoni, akakitundika kwenye boriti ya baraza, chini yake akatandaza shuka jeupe. Tukakaa. Wale kina mama tisa nao walikuja, hawakuitwa. Gedi alizima redio, jambo ambalo hata mazishini hakulifanya.

Tulikaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Shuka lilibaki kavu. Hubi alilishika kwa vidole, akalinusa, akalikunja. Akakiteremsha chombo, akaingiza uso wake mdomoni mwake kama siku ile, nami nikafumba macho. Alipoutoa, masharubu ya maziwa juu ya mdomo, alisema neno moja tu: "Nimo!" Na Nimo akaja akafunga mikanda ya mama yake.

Siku ya harusi, wakwe wa Ijara walikikagua kwa adabu ile ya watu wanaotafuta kosa. Mama mkwe aligonga tumbo la chombo kwa kidole, akauliza, "Nani amesuka?"

"Mimi," Hubi akajibu. Nikafungua mdomo. Gedi akanikanyaga. "Mimi," Hubi akarudia, "kwa mikono ya huyu." Akanionyesha mbele ya ukumbi mzima, na kina mama wakapiga vigelegele, na yule mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaagiza nipewe bakuli la kwanza. Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya moshi na ya mti ule wenye harufu. Katika maisha yangu sijanywa kitu kitamu kama kile.

Vitu vya kina mama tisa vilibaki rafuni. Kile chombo chenye vanishi Hubi hakukitaka. "Hiyo ni yako sasa," akaniambia. "Andika ukweli juu yake." Nikakiandikia kibao: Haan. Ilisukwa na Hubi wa El-Gudud. Iliharibiwa na ofisi hii kwa kupakwa vanishi. Ofisi kuu iliniandikia mara mbili niondoe sentensi ya mwisho. Barua hizo, kwa bahati mbaya, zililiwa na mchwa. Nawaomba mliobaki mkiletewa ya tatu, mchwa wawepo. Na chombo chochote cha mtu mkikiazima, muulizeni mwenyewe kinakula nini, kinalala wapi, na kinaachwa mpaka lini. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini bora koleo lisivunjike.

Hubi alifariki miaka kadhaa baadaye, usingizini, akiwa amewagombeza wote waliokuwa karibu. Gedi alimfuata mwaka uliofuata. Ugatuzi ulikuja, tukapakwa rangi upya, tukapata kompyuta na choo cha ndani. Vipo vipindi ambavyo barabara haikuwa salama na mgeni mmoja kwa mwezi alikuwa baraka. Tulikaa barazani na kina mama, wakasuka, nikapokea karipio. Siku hizo nazo sikuzichukia.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia sherehe ndogo ya soda na hotuba. Hotuba ya tatu ilipokuwa ikitafuta mwisho wake, akaingia mwanamke mnene wa makamo, vumbi la Ijara miguuni, haan mgongoni. Nimo. Anaongoza zahanati sasa, mama wa watoto wanne. Chombo kilikuwa cheusi kwa moshi, mdomo wake umelika, na ubavuni kuna kiraka cha nyuzi mpya ambacho kilisukwa, alivyoniambia, na binti yake mkubwa. Hakutoa hotuba. Alinimiminia kikombe akasimama juu yangu mpaka nikakimaliza.

Farhiya alikuwa akikitazama chombo macho yamemtoka. Namjua, kibao alishakiandika kichwani. "Dada Nimo," akasema, "tuazime. Tutakiweka pale karibu na kile cha zamani. Watu waone cha Hubi na cha mzee pamoja. Hatutakipaka kitu, naapa. Tutakitia moshi kila mwezi."

Nimo alifuta mdomo wa chombo kwa kiganja, akakifunika, akakipandisha begani.

"Hapana, walaal, dada yangu," akasema. "Mzee mmemstaafisha. Hii bado iko kazini." Akaninyang'anya kikombe mkononi, akakiteremsha tena chombo, akakifunua, akamjazia Farhiya.